Umeme umekatika, lifti ikapanda yenyewe: je, breki imeharibika?

*Swali: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni msimamizi wa jengo la ghorofa nane hapa Dar es Salaam. Lifti yetu ni ya watu wanane, kilo 630, na chumba cha mashine kiko juu kwenye paa. Juzi umeme ulikatika, jenereta ikagoma kuwaka, mama mmoja na mwanawe wakakwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Fundi alikuwa mbali, akatuelekeza kwa simu tubonyeze mkono wa breki ili lifti ishuke. Tulipoubonyeza haikushuka, ilipanda, tena kwa kasi. Tuliogopa tukauachia, ikasimama kwa kishindo. Hivi breki imekufa? Mlinzi mmoja anasema umeme ukikatika breki nayo huishiwa nguvu. Fundi mwingine anataka akaze springi. Mwenye jengo naye anauliza kama kile kifaa cha betri cha kuokoa watu kina maana au ni kupoteza pesa. Walinzi tuwafundishe kutumia ule mkono, au tuufiche?*

Marahaba. Pole kwa mshtuko, na mpe pole yule mama. Breki yenu haikufa. Kwa maelezo yako, breki ndiyo kitu pekee kilichofanya kazi sawasawa siku ile: mlipoachia mkono, ilikamata papo hapo. Ninachokiona ni kwamba mliambiwa muifungue bila kuambiwa kitakachofuata, na pengine kuna kasoro nyingine kwenye mashine ambayo fundi wa simu hakuifikiria. Nitaifikia.

Kwanza hili la mlinzi, maana wengi wanaamini hivyo. Breki ya lifti ya kamba hufungwa na springi, haifungwi na umeme. Ukiingia chumba cha mashine utaona ngoma au diski ya chuma kwenye shafti ya mota, na pande mbili zake kuna viatu au pedi zenye lainingi (ule utando wa kusugua), zinazosukumwa na springi nene. Hali ya kawaida ya breki ni kubana. Lifti inapotaka kuondoka, kontrola, yaani kabati la umeme linaloiongoza lifti, hupeleka umeme kwenye koili, koili inakuwa sumaku, sumaku inazishinda springi na kuvuta viatu viachie ngoma. Nafasi inayobaki hapo ni ndogo mno, sehemu tu ya milimita moja. Umeme ukikatika, kwa sababu yoyote ile, sumaku inakufa na springi zinarudi kubana. Kwa hiyo mgao wa umeme hauilegezi breki ya lifti. Unaifunga.

Tena breki hiyo haikutengenezwa kubahatisha. Viwango vya Ulaya, ambavyo lifti nyingi zinazoletwa kwetu zimejengwa kwavyo, vinataka breki iweze kusimamisha kabini iliyobeba asilimia 125 ya mzigo wake ikiwa kwenye mwendo wake wa kawaida. Kwenu ni kama kilo 787. Sehemu za breki zinazobana ngoma ziwe seti mbili, ili moja ikishindwa nyingine iendelee kupunguza mwendo wa kabini yenye mzigo kamili. Zaidi ya hapo kuna kamba kadhaa za chuma, na chini ya kabini kuna makucha yanayobana reli ikiwa kabini itazidi mwendo uliowekwa. Wazo hilo la makucha ni la zamani: Elisha Otis aliwaonyesha watu mjini New York mwaka 1854 kwa kukatiwa kamba akiwa amesimama juu ya jukwaa lake. Watu waliokwama kwenye lifti iliyozimika hawako mbioni kuanguka. Waambieni hivyo, na mwambie mlinzi naye aache kuwaambia vinginevyo.

Sasa kwa nini ilipanda? Hapa ndipo penye kiini cha swali lako. Kabini haining'inii peke yake. Kamba zinapita juu ya puli ya mashine na upande wa pili zimebeba kauntaweti, yale matofali ya chuma au zege yaliyopangwa ndani ya fremu. Kauntaweti hupangwa iwe sawa na uzito wa kabini tupu ukiongeza karibu nusu ya mzigo unaoruhusiwa, kwa kawaida asilimia 40 hadi 50. Ni mizani ya duka, na breki ndiyo mkono unaoushika mtambo usiende kokote. Ukiondoa mkono, upande mzito unashuka.

Tufanye hesabu. Tuseme kabini yenu tupu ina kilo 900. Kauntaweti itakuwa kama 900 na 315, yaani 1,215. Mama na mtoto tuwape kilo 100 pamoja, kabini inakuwa 1,000. Upande wa pili umezidi kwa kilo 215. Breki ikifunguka, kauntaweti inashuka na kabini inapanda. Wangekuwa watu wanne wa kilo 75, kabini ingekuwa 1,200, tofauti kilo 15 tu, na mngebonyeza mkono mpaka mchoke bila lifti kusogea, kwa kuwa msuguano peke yake unatosha kuishika. Kabini ingeshuka kama ingekuwa imejaa: na mzigo wake wote wa kilo 630 inakuwa kilo 1,530. Lifti za majengo yetu mara nyingi hubeba mtu mmoja, wawili au watatu, kwa hiyo ukifungua breki, mara nyingi itapanda. Fundi aliyewaambia "itashuka" bila kuuliza mna watu wangapi ndani aliwaelekeza vibaya.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni neno lako "kwa kasi". Panda chumba cha mashine ukaangalie bila kugusa kitu: kati ya mota na puli ya kamba kuna giaboksi, lile sanduku la chuma lenye mafuta? Kama lipo na ni la aina ya zamani ya skrubu, msuguano wake hupunguza mwendo, na mara nyingi ukifungua breki mashine huenda polepole au haiendi kabisa mpaka uzungushe gurudumu la mkono. Kama halipo, na mota ni nene, ya mviringo, imeshikana moja kwa moja na puli, hiyo ni mota ya sumaku za kudumu. Huko mambo ni tofauti. Bila kitu cha kuizuia, tofauti ya kilo 215 kwenye mtambo wa jumla ya kilo 2,215 inaipa kabini mwendo unaoongezeka karibu mita 1 kwa sekunde kila sekunde, ukiacha msuguano na uzito wa puli. Lifti za ghorofa nane mara nyingi huenda mita 1 kwa sekunde. Kwa hiyo baada ya sekunde moja au moja na nusu tu ya kubonyeza mkono, tayari uko kwenye mwendo wake wa kawaida, na hakuna kompyuta inayoisimamia.

Mota za aina hiyo zina dawa yake. Umeme ukikatika, nyaya tatu za mota hufungwa pamoja ndani ya kontrola. Sumaku zinapozunguka zinazalisha umeme ndani ya koili zilizofungwa, na umeme huo unapinga mzunguko. Breki ikifunguliwa, kabini inasogea, lakini kwa mwendo wa kutambaa. Kama yenu ni mota ya namna hii na ilipanda kwa kasi, basi kufunga huko hakukufanyika: kontakta (swichi ya umeme inayofunga nyaya hizo) imeungua, waya umechomoka, au aliyefunga lifti hakuuunganisha kabisa. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalotaka fundi aliangalie, na aliangalie kabla ya mtu yeyote kugusa ule mkono tena.

Kuhusu fundi wa kukaza springi: mkatalie mpaka akuonyeshe kipimo kinachosema breki ni dhaifu. Springi iliyokazwa kupita kiasi inakuwa na nguvu kuliko sumaku. Sumaku inashindwa kufungua viatu kikamilifu, lifti inaendelea kutembea huku lainingi zikisugua ngoma, zinapata moto, zinalika, koili nayo inachemka. Kwa wiki kadhaa lifti inaonekana "imekazwa vizuri", kisha breki inakuwa dhaifu kuliko mwanzo. Hii si nadharia. Mwezi Juni 2006 mjini Tokyo mwanafunzi wa sekondari alifariki pale kabini ilipoondoka kwenda juu huku milango ikiwa wazi. Uchunguzi ulikuta lainingi za breki zimelika kwa sababu breki ilikuwa haifunguki sawasawa wakati lifti ikitembea. Dalili zake utaziona mwenyewe: vumbi jeusi au la rangi ya kutu chini ya ngoma, harufu ya kuungua, ngoma yenye joto la kuchoma mkono, au lifti inayosimama juu au chini ya kizingiti cha ghorofa. Sababu nyingine ya breki kudhoofika ni mafuta ya giaboksi yanayovuja kwenye sili na kufika kwenye lainingi. Hiyo haitibiwi kwa springi. Sili inabadilishwa, ngoma inasafishwa, na lainingi iliyonyonya mafuta inatupwa.

Tuje kwenye uokoaji wenyewe. Ikiwa watu wamekwama na hakuna mgonjwa, jambo la kwanza si kupanda paani. Ongea nao kwa kengele ya simu ya ndani, au kwa kupaza sauti mlangoni kwenye ghorofa iliyo karibu. Uliza wako wangapi, kuna mjamzito, mtoto, mwenye pumu, mwenye hofu. Waambie wakae mbali na mlango, wasijaribu kuufungua, na hewa haitaisha. Kabini haifungwi kama chupa, ina matundu ya hewa chini na juu. Joto la Februari hapa Dar ni adha ya kweli, ndiyo, lakini jasho si kukosa hewa. Waambie pia kwamba umeme ukirudi lifti inaweza kusogea ghafla, wasishtuke.

Kisha angalia jenereta. Wakati mwingine jenereta inawaka, taa zinawaka, lifti inakataa, na kila mtu anaanza kulaumu breki. Sababu ya kawaida ni mpangilio wa fezi: fundi wa jenereta alipounganisha, alibadilisha mahali pa fezi mbili. Relei ya kulinda fezi kwenye kontrola inaona mzunguko umegeuka na kuifungia lifti, nayo inafanya sawa kabisa. Marekebisho yake ni kubadilishana nyaya mbili upande wa jenereta, kazi ya dakika chache kwa fundi umeme. Kujaribu kuiruka hiyo relei ni hatari.

Kama ni lazima kusogeza kabini kwa mkono, kazi hiyo ni ya watu wawili waliofundishwa kwenye lifti hiyo hiyo, si lifti inayofanana nayo. Wanaanza kwa kuhakikisha milango ya ghorofa zote imefungwa na kuna mtu wa kuzuia watu wasiisogelee. Halafu wanazima swichi kuu ya lifti na kuifunga kwa kufuli. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, kwa hoja kwamba "umeme si umeshakatika?" Umekatika, lakini utarudi, na unaweza kurudi wakati mkono wa mtu uko kwenye gurudumu. Taa ya ndani ya kabini kwa kawaida ina laini yake, hiyo iachwe.

Kwenye mashine yenye giaboksi, mmoja anashika gurudumu imara kwanza, ndipo mwenzake anafungua breki. Wanasogeza upande ule mtambo unaotaka kwenda, kwa vipande vifupi vya sentimita 5 hadi 10, breki inafungwa, wanaangalia, wanaendelea. Kwenye kamba kunapaswa kuwa na alama za rangi zinazoonyesha kabini imefika ghorofa. Kama kwenu zimefutika, hata waliofundishwa wanafanya kazi gizani, ziandikwe upya. Kwenye mota isiyo na giaboksi hakuna gurudumu. Breki inafunguliwa kwa mguso mfupi mfupi, sekunde moja au chini yake, na mwenye mkono anaangalia kipimo cha mwendo au kamba zenyewe. Ikianza kukimbia, achia. Mkono wa breki umetengenezwa urudi wenyewe ukiachiwa, kwa makusudi. Mtu akiufunga kwa kamba au kuuegemeza na bomba ili apumzike, ameondoa ulinzi pekee uliobaki.

Mlango wa ghorofani unafunguliwa kwa ufunguo wa pembetatu baada ya breki kufungwa na kabini kuthibitishwa ipo hapo. Fungua nafasi ya vidole, mulika tochi, uione sakafu ya kabini kwa macho. Watu wamefungua mlango wakaingia ndani ya shimo wakidhani lifti iko pale.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa kuwa kwa maoni yangu hapa pana hatari kuliko breki. Kabini ikiwa imesimama juu ya kizingiti, kwa mfano sakafu yake iko kiunoni mwako, kati ya sakafu ya kabini na sakafu ya ghorofa kuna uwazi unaoelekea moja kwa moja kwenye shimo. Mtu anayeruka nje anatua karibu na kizingiti, mwili unarudi nyuma, miguu inaingia kwenye uwazi, na anaanguka ghorofa tatu. Chini ya kabini huwa kuna bamba la chuma la kuziba uwazi huo, urefu wake kwenye lifti za sasa kama sentimita 75, lakini kabini ikiwa juu zaidi ya hapo bamba halifiki. Kwa hiyo sheria ya jengo lako iwe hivi: hakuna anayetolewa mpaka kabini iwe sawa na ghorofa, ikizidi isizidi kimo cha ngazi moja, yaani kama sentimita 20. Kama haifiki hapo, wanabaki ndani na mnasubiri.

Kuhusu kuficha mkono: utundikwe ukutani ndani ya chumba cha mashine, usiachwe umechomekwa kwenye breki, na chumba kifungwe. Ufunguo wa chumba na ule wa pembetatu vikae kwa watu walioandikwa majina. Walinzi wote wafundishwe hatua za kuongea, kuzima, kuzuia watu na kupiga simu. Kufungua breki wafundishwe wawili au watatu tu, na kampuni inayohudumia lifti yenu, kwa vitendo, kabini ikiwa tupu, kisha waandikiwe karatasi ya hatua ikabandikwe karibu na mashine. Kama kampuni inasema haina muda wa kufundisha, basi iandike kwenye mkataba itafika ndani ya dakika ngapi mtu akikwama, na walinzi wasiguse breki kabisa. Yote mawili ni majibu halali. Lisilo halali ni hili la kati, maelekezo kwa simu kwa mtu asiyejua mashine.

Mwenye jengo mwambie kifaa cha betri kina maana, hasa kwa umeme wetu, ila anunue akijua mipaka yake. Umeme ukikatika, kifaa kinasubiri sekunde chache, kinapima upande gani ni mwepesi kwenda, kinafungua breki kwa umeme wa betri, kinaipeleka kabini polepole hadi ghorofa ya karibu na kufungua milango. Siku ile mama na mtoto wangetoka kabla hujapanda ngazi. Lakini kifaa hakitafanya kazi kama lifti ilisimama kwa hitilafu ya usalama, mfano kufuli ya mlango imefunguka au kidhibiti mwendo kimenasa, na haipaswi kufanya. Kwenye lifti ya zamani yenye giaboksi na mota kubwa, kifaa huwa kikubwa na ghali zaidi, na wakati mwingine pesa hiyo ni bora iingie kwenye kontrola mpya yenye kifaa hicho ndani. Muulize muuzaji pia kinapatanaje na jenereta, ili vitu viwili visigombanie mota moja jenereta ikiwaka katikati ya uokoaji.

Kinachoua vifaa hivi ni betri zilizosahaulika. Betri za risasi zilizofungwa hazipendi joto: kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya 25, umri wake unapungua karibu nusu. Chumba cha mashine chini ya bati la Dar kinaweza kumaliza kwa miaka miwili betri iliyoahidiwa mitano. Weka feni au tundu la hewa, na kila mwezi fanya jaribio: kabini tupu, katikati ya ghorofa mbili, zima umeme wa lifti kwa namna fundi atakayokuonyesha, uone kama inafika na kufungua. Andika tarehe kwenye daftari.

Kama jengo lako jingine lina lifti ya mafuta, ile inayoinuliwa kwa shinikizo la mafuta na isiyo na kauntaweti, hesabu ya juu haihusiki. Ile hushushwa kwa vali ya mkono, na kwa kawaida inashuka tu. Lifti zisizo na chumba cha mashine hufunguliwa breki kutoka kwenye paneli ya ghorofa ya juu, kwa waya au kwa kitufe cha betri, na kila mtengenezaji ana utaratibu wake.

Piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, bila kusubiri fundi kama ndani kuna mgonjwa, mtu aliyezimia, uchungu wa uzazi, moshi, au kabini imesogea yenyewe bila mtu kugusa kitu. Wakifika, mwambie mmoja wa walinzi waliofundishwa awapeleke kwenye swichi kuu.

Kwa lifti yenu ya sasa, isimamisheni mpaka fundi wa kampuni inayoihudumia aje mwenyewe. Baada ya kusimama kwa kishindo vile, aangalie lainingi na ngoma, apime nafasi ya breki kwa vipimo vyembamba vya chuma, ajaribu kila upande wa breki peke yake, aangalie kama kamba ziliteleza kwenye puli, na athibitishe ile kontakta inayofunga nyaya za mota. Mwombe afungue breki mbele yako, kabini tupu, umeme umezimwa. Ikiwa mota haina giaboksi, utaiona inapanda kwa kutambaa. Ikikimbia tena, usipokee saini yake, na mpigie mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, kabla hujairudisha lifti kwa wapangaji.